Kinachoponya Siyo Kumshika: ukosoaji wa hadithi moja ya hofu ya buibui

Leo naweka pembeni utafiti wangu ili nikosoe hadithi. Pengine umeshakutana nayo. Mtu anaogopa buibui tangu utotoni, anapanda juu ya kiti akimwona mmoja, anaona haya. Siku moja anaamua kununua tarantula, yule buibui mkubwa mwenye manyoya. Wiki chache baadaye anapiga picha buibui akiwa kiganjani mwake, na maneno anayoandika yana umbo la ushuhuda wa kanisani: nilikuwa mtumwa wa hofu, leo niko huru.

Ulaya na Marekani, ambako kufuga tarantula ni jambo la kawaida kiasi kwamba kuna masoko na maonyesho yao, ushuhuda wa namna hii ni mwingi sana. Unasambaa haraka kwa sababu ni mfupi, una picha, na una mwisho mwema. Mimi siupingi wote. Ndani yake kuna sayansi ya kweli, tena nyingi kuliko wasimulizi wenyewe wanavyojua. Tatizo ni kwamba unasifia mahali pasipo, unaficha jinsi hofu inavyorudi, na unamsahau kabisa yule mnyama aliyefanya kazi yote.

Naomba unisikilize, maana nimewahi kuishi ndani ya hadithi hii kwa miezi mitatu.

Msambaa mwenzangu ndani ya kioo

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili Ujerumani. Mwenzangu tuliyepanga naye nyumba alikuwa na visanduku vitatu vya kioo kwenye rafu chumbani kwake, na nilipokuwa napita mlangoni nilikuwa naangalia upande wa pili. Sikumwambia kitu. Mtu mzima, tena mwanasayansi, unamwambiaje mwenzako kwamba mdudu aliyefungiwa anakukosesha usingizi? (Najua, buibui si mdudu, ana miguu minane. Hofu haijali hesabu hiyo.)

Basi akapata kazi ya utafiti nje ya nchi kwa miezi mitatu, akaniomba niwatunze. Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa aibu, siyo kwa ujasiri.

Siku aliyonionyesha kazi ndipo nikasoma karatasi zilizobandikwa kwenye visanduku. Wa kwanza alikuwa wa Mexico, Brachypelma hamorii, mweusi mwenye magoti ya rangi ya chungwa. Wa pili wa Chile, wa kahawia, mpole. Wa tatu, wa rangi ya chungwa mwili mzima kama papai lililoiva, aliandikwa Pterinochilus murinus, na chini yake neno moja: Usambara.

Mimi nimezaliwa Lushoto. Nimekulia kwenye milima hiyo. Nimevuka bahari na jangwa, kumbe Msambaa mwenzangu ametangulia, amekaa ndani ya kioo, na mimi sijawahi kumwona nyumbani hata siku moja. Spishi hiyo ilielezwa kisayansi mwaka 1897, na inapatikana sehemu nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika, lakini wafugaji duniani kote wanaiita ile ya rangi ya chungwa kwa jina la milima yetu. Waingereza wanawaita tarantula wa Afrika "buibui wa nyani", kwa sababu ncha za miguu yao zinafanana na vidole vya nyani.

Hapo ndipo nilipoanza kuuangalia ule ushuhuda kwa jicho lingine. Lakini kabla ya kuufikia, tuangalie hadithi iliyoutangulia.

Daktari mwenye bunduki ya misumari

Toleo maarufu kuliko yote la kushinda hofu ya buibui ni sinema ya Kimarekani ya mwaka 1990 inayoitwa Arachnophobia, iliyoongozwa na Frank Marshall. Jeff Daniels anaigiza daktari anayehamia mji mdogo wa California. Anaogopa buibui tangu alipokuwa mtoto wa kitandani. Buibui wa hatari anatoka Venezuela ndani ya jeneza, anazaana na buibui wa mji, na watu wanaanza kufa. Mwisho daktari anabaki peke yake kwenye chumba cha chini ya nyumba na buibui mkubwa, na anamshinda kwa moto na bunduki ya kupigilia misumari.

Kama sinema ya kuchekesha na kutisha, ni nzuri, niliifurahia. Kama maelezo ya hofu, inasema jambo moja: kwamba aliyeogopa alikuwa na haki ya kuogopa, na dawa ni kuua. Daktari hajajifunza chochote kuhusu buibui. Amethibitisha tu kila alichokuwa anakiwaza.

Ila nyuma ya kamera kulikuwa na jambo jingine. Waliotengeneza sinema hiyo walihitaji buibui wengi wakubwa ambao wasingemdhuru mwigizaji. Waliochaguliwa ni Delena cancerides, buibui wenye asili ya Australia walioletwa kutoka New Zealand, bapa, wenye miguu mirefu, ambao huishi kwa makundi chini ya magome ya miti na hawana hatari kwa binadamu. Yaani ili kututisha na buibui, ilibidi wapatikane buibui wapole kuliko wengi. Waigizaji na mafundi walifanya kazi katikati yao siku nzima. Kama kulikuwa na mtu aliyepunguziwa hofu na sinema ile, nadhani alikuwa mmoja wa hao, wala siyo sisi tuliokaa upande wa pili wa skrini.

Ushuhuda wa mfugaji ni hatua mbele kutoka kwenye sinema. Haui, anafuga. Kwa hilo naupa alama.

Ushuhuda una ukweli gani

Wanasaikolojia wana tiba ambayo tunaweza kuiita tiba ya kukabili: mgonjwa anasogezwa hatua kwa hatua kwenye kile anachokiogopa, anabaki hapo, na anaona kwamba kile alichotarajia hakitokei. Wazo si geni. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alieleza jinsi alivyomsaidia mtoto mdogo aitwaye Peter, aliyeogopa sungura, kwa kumleta sungura karibu kidogo kidogo wakati mtoto anakula kitu anachokipenda.

Mwaka 1989 Lars-Göran Öst wa Sweden alichapisha matokeo ya watu 20 wenye fobia za namna mbalimbali, waliotibiwa kwa kikao kimoja tu, wastani wa saa 2.1. Walipofuatiliwa baadaye, kwa wastani baada ya miaka minne, asilimia 90 walikuwa na nafuu kubwa au wamepona kabisa. Soma tena hizo namba. Hofu ya miaka ishirini, saa mbili.

Na mwaka 2012 Katherina Hauner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichukua watu 12 wenye fobia ya buibui, wakawapiga picha za ubongo kabla ya tiba, mara baada ya tiba, na miezi sita baadaye. Kabla ya tiba, wengi hawakuweza kusogea hata mita tatu kutoka kwenye kisanduku kilichofungwa chenye tarantula. Baada ya kikao cha saa mbili tatu hivi waliweza kumgusa, kwanza kwa brashi, kisha kwa mkono wenye glavu, mwisho kwa mkono mtupu. Sehemu za ubongo zinazohusika na hofu, ikiwemo amigdala, zilikuwa zimetulia. Miezi sita baadaye bado waliweza kumgusa.

Kwa hiyo anayesema "tarantula alinitoa hofu" hadanganyi. Hata mnyama wake ni yuleyule wa maabara.

Lakini angalia kilichokuwepo kwenye chumba kile na ambacho hakipo kwenye picha ya kiganja. Kulikuwa na mtaalamu. Kulikuwa na ngazi, na kila ngazi mgonjwa alikubali mwenyewe kuipanda. Na kulikuwa na mafunzo: watu wale waliamini kwamba buibui angeruka kutoka kwenye kisanduku awaparamie, au kwamba ana mpango nao. Walielezwa na kuonyeshwa kwamba tarantula ni dhaifu, na kwamba anachotaka zaidi ni kujificha. Kugusa kulikuja mwisho, kama mtihani baada ya somo. Ushuhuda umekata somo ukabakiza mtihani.

Kiganja kinamfaa nani?

Hapa ndipo ukosoaji wangu ni mkali zaidi.

Tarantula hana faida yoyote ya kukaa mkononi mwako. Ana macho manane lakini haoni vizuri. Dunia yake ni mitikisiko anayoisikia kwa vinyweleo vya miguu. Kwake mkono wako ni ardhi yenye joto inayotikisika. Hakupendi, hakuchukii, hakujui.

Na yuko hatarini kuliko wewe. Buibui hunyoosha miguu yake kwa kusukuma majimaji ya mwili, hana misuli ya kuinyoosha kwenye viungo vikuu kama sisi. Mwili wake uko kama puto lenye shinikizo, na tumbo lake ni ngozi laini. Tarantula mzito akianguka kutoka usawa wa kifua cha mtu hadi sakafuni, tumbo linaweza kupasuka, na huo ndio mwisho wake. Sasa fikiria mkono gani una uwezekano mkubwa wa kutetemeka na kumwangusha. Ni mkono wa mtu anayeogopa buibui, ambaye ndiye hasa ushuhuda unamhimiza amshike.

Upande wa binadamu nao una yake. Sumu ya tarantula haijathibitishwa kumuua mtu yeyote, hilo ni kweli na ni vizuri lisemwe. Lakini wengi wa Amerika, akiwemo yule wa Mexico, wana vinyweleo tumboni wanavyovipangusa kwa miguu ya nyuma vikaruka hewani. Kama umewahi kupita kwenye upupu shambani, umeshaelewa. Mwaka 2009 mwanaume mmoja alifika kliniki ya macho Leeds, Uingereza, jicho jekundu kwa wiki tatu. Vinyweleo vya tarantula wake vilikuwa vimechoma kwenye kioo cha jicho. Alikuwa anasafisha kisanduku tu. Na wale wa Afrika na Asia, ambao hawana vinyweleo hivyo, hujilinda kwa kuuma. Kuumwa na baadhi ya tarantula wa India na Sri Lanka kunaweza kuleta mikazo ya misuli kwa siku kadhaa. Yule wa kwetu wa Usambara anajulikana kwa wafugaji kwa kasi na hasira. Anainua miguu ya mbele, anaonyesha chonge, na hasemi mara mbili.

Mimi sikumshika hata mmoja kwa miezi yote mitatu. Ushuhuda ungesema kwa hiyo sikupona. Hebu nikueleze kilichotokea.

Kazi

Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Nilikuwa nafungua mlango wa chumba, nahesabu buibui watatu kutoka mbali, nafunga. Maji niliwawekea kwa chupa yenye mdomo mrefu, mikono inatoka jasho. Chakula chao kilikuwa mende, tena mende wa kununua kwa fedha. Nilipomsimulia mama kwenye simu alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, sisi huku tunanunua dawa ya kuwaua, wewe huko unawanunua?" Sikuwa na jibu.

Wiki ya pili nilianza daftari. Ni tabia ya kazi, sikupanga iwe tiba. Tarehe, nani amekula, nani amekataa, maji, hali ya udongo. Ndipo nikagundua kwamba swali langu limebadilika bila mimi kujua. Mwanzo nilipofungua mlango nilikuwa najiuliza, atanifanya nini? Sasa najiuliza, amekula? Huwezi kuandika "amekula" bila kuangalia kwa makini. Na ukiangalia kwa makini kila siku, unaona kitu ambacho hofu ilikuwa inakuficha: tarantula karibu muda wote hafanyi chochote. Yule wa Chile alikaa kona ileile siku tisa. Siku ya kumi alisogea kama upana wa mkono, nikaandika kwa msisimko kama mtangazaji wa mpira.

Wataalamu wanaoeleza kwa nini tiba ya kukabili inafanya kazi, mfano Michelle Craske wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wanasisitiza jambo hili: kinachofundisha ni pengo kati ya ulichotarajia na kilichotokea. Kadiri utabiri wako ulivyo wazi, na kadiri unavyoshindwa waziwazi, ndivyo unavyojifunza. Daftari langu lilikuwa orodha ya utabiri ulioshindwa. Nilitarajia arukie kibanio, akakimbilia shimoni. Nilitarajia atoke usiku, na asubuhi kifuniko kilikuwa vilevile.

Hata ukubwa wake ulibadilika. Mwanzo ningeapa kwamba yule wa Mexico anajaa sahani ya wali. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State wa mwaka 2012, wa Michael Vasey na wenzake, ambamo watu wanaoogopa buibui waliletwa mbele ya tarantula hai kisha wakakadiria urefu wake. Waliokuwa na hofu zaidi walimwona mkubwa zaidi. Mimi nilipata bahati ya kupima kwa rula, na hivi ndivyo ilivyokuwa.

Mwezi wa pili yule wa Mexico alikataa kula. Wiki moja, mbili, tatu. Halafu asubuhi moja nikamkuta kalala chali, miguu juu, hatikisiki.

Nilijua amekufa mikononi mwangu. Na hapa ndipo nilipojishangaa, kwa sababu nilichohisi hakikuwa nafuu. Nilihisi huzuni na hatia, na mkono wangu ulikuwa tayari umeshafungua kifuniko na kibanio kimeingia ndani ili nimgeuze. Bahati nzuri nilipiga picha kwanza nikamtumia mwenye mali. Akajibu mara moja kwa maneno mawili: usimguse, anajivua.

Watanzania wenzangu, najua mnacheka. Neno "kujivua gamba" tumelizoea kwenye siasa. Lakini buibui hujivua kweli. Tarantula wengi hulala chali, ganda la zamani linapasuka, na anachomoa kila mguu, chonge na hata utando wa ndani wa tumbo la chakula. Inaweza kuchukua saa nyingi. Wakati huo mwili mpya ni laini kiasi kwamba mende mmoja aliyeachwa ndani anaweza kumjeruhi. Ningemgeuza kwa kibanio changu cha huruma, ningeweza kumuua.

Nilikaa kwenye kiti mbele ya kisanduku kwa saa nne, mimi niliyekuwa nafunga mlango. Jioni kulikuwa na buibui wawili: mmoja mpya, rangi zake kali, amechoka, na mwingine mtupu, ganda lake. Siku kadhaa baadaye nililitoa ganda kwa kibanio, nikalinyoosha, nikalipima. Sentimita 12, ncha ya mguu hadi ncha ya mguu. Sahani ya wali, eti.

Kama unauliza ni lini hofu ilipungua, ningekutajia saa hizo nne. Hazina picha ya kuvutia. Mtu kakaa kwenye kiti, basi.

Hofu ina makazi yake

Sasa naomba uvumilie sehemu ambayo ushuhuda hauna kabisa, yaani kilichofuata.

Mwenzangu alirudi, akakuta wote watatu wazima, nikajiona shujaa. Miezi miwili baadaye nilienda likizo Lushoto, kwa bibi. Usiku nikaenda chooni, choo cha nje, na tochi. Ukutani kulikuwa na mmoja wa wale buibui bapa wa nyumbani, wa kawaida kabisa, ambaye angeweza kupita chini ya mguu wa yule wa Mexico bila kuinama. Nilitoka mbio nikipiga kelele. Bibi alikuja na taa, akaangalia ukuta, akaniangalia mimi, akasema, "Huko Ulaya ulikuwa unafuga nini, mjukuu wangu?"

Wahenga waliliona zamani kwa upande mwingine: aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Hofu husambaa kirahisi. Utulivu hausambai kirahisi hivyo. Mwaka 2002 Jayson Mystkowski, Craske na mwenzao walitibu watu wanaoogopa buibui, kisha wakawapima baadaye, baadhi mahali palepale walipotibiwa na wengine mahali tofauti. Waliopimwa mahali tofauti hofu iliwarudia zaidi. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba tiba haifuti kumbukumbu ya zamani. Inajenga kumbukumbu mpya pembeni yake, na zote mbili zinabaki zikigombania usukani. Ile mpya ina anwani: chumba kile, kioo kile, buibui yule. Ile ya zamani ilikuwa imekaa chooni kwa bibi ikinisubiri.

Ndiyo maana neno "nimepona" linanikera kwenye ushuhuda. Siyo kwa sababu ni uongo siku lilipoandikwa. Ni kwa sababu msomaji anayeogopa, atakayefuata njia hiyo na kushtuka tena mwaka ujao, atadhani ameshindwa yeye. Hajashindwa. Anahitaji masomo zaidi mahali pengine, na buibui wengine. Mimi nilirudi chooni usiku uliofuata, na uliofuata, bila kumgusa mtu. Nilisimama mlangoni na tochi na kujiuliza swali la daftari: huyu anakula nini? Usiku wa nne nilimkuta na mende. Bibi hakushangaa. Yeye haruhusu buibui auawe nyumbani kwake, kwa sababu ya kile kisa cha utando uliofunga mlango wa pango Mtume alipokuwa amejificha. Amewaacha ukutani miaka yote, na nimeona sasa kwamba haogopi hata kidogo.

Hilo linanikumbusha hoja ya Graham Davey, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliyeandika mwaka 1994 kwamba hofu ya buibui huko Ulaya inatokana kwa sehemu na hadithi: kwa karne nyingi buibui walihusishwa na magonjwa na uchafu. Wengine wanasema tunazaliwa na utayari fulani. Utafiti wa mwaka 2017 wa Stefanie Hoehl na wenzake ulionyesha mboni za watoto wa miezi sita zikipanuka wanapoonyeshwa picha za buibui. Pengine pande zote mbili zina haki. Mboni inapanuka, halafu nyumba inakuambia maana yake ni nini. Nyumba ya daktari wa sinema ilisema adui. Nyumba ya bibi inasema mwache.

Dawa yenye miguu minane

Neno la mwisho ni kwa niaba ya yule wa tatu, Msambaa mwenzangu.

Ushuhuda unamfanya buibui kuwa dawa. Dawa ukishapona unaiacha. Tarantula jike anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Mtu anayemnunua akiwa na miaka 25 ili atibu hofu ya mwaka mmoja anaweza kuwa naye akiwa na watoto wa sekondari. Wangapi wanaandika ushuhuda wa pili kueleza alikoishia?

Na alitoka wapi? Mwaka 2022 Benjamin Marshall na wenzake walichapisha uchunguzi wa biashara ya buibui, nge na jamaa zao duniani. Walikuta spishi 1,264 zikiuzwa. Asilimia 67 ya wanyama walitoka moja kwa moja porini. Mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, uliwagusa spishi 30 tu kati ya hizo. Jamaa za yule wa Mexico wamo kwenye mkataba. Pterinochilus huzaliana vizuri kwenye visanduku na wengi wanaouzwa wamezaliwa huko, hilo ni la heri. Lakini mzee wa ukoo wao alichukuliwa mahali fulani, na jina la mahali hapo ndilo lililobaki kwenye karatasi. Sisi wa mahali hapo hatujui hata kwamba tuna buibui wa rangi ya papai.

Kwa hiyo, msomaji, kama unaogopa buibui kiasi cha kuharibu usingizi au kukuzuia kuingia chumba fulani, usiende sokoni. Tafuta mwanasaikolojia, tiba ipo na ni fupi kuliko unavyodhani. Kama hofu yako ni ya kawaida kama yangu, yule wa ukutani kwako anatosha. Ni wa bure, hahitaji kisanduku, na mende anajitafutia mwenyewe. Chukua daftari na tochi, kaa umbali unaouweza, na andika kila siku jambo moja alilofanya. Siku nyingi utaandika: hakuna.

Na kama tayari unafuga tarantula na unataka kutuandikia ushuhuda wako, tafadhali andika. Tutausoma kwa furaha. Ila mwache kwenye udongo wake, na utuambie amekula lini.